Upande Wangu wa Ubao

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Ubao wa Neno la Siku, ule wa nje ya chumba cha walimu, umegawanywa kwa mstari wa chaki. Miaka yote ulikuwa wangu, mwalimu wa lugha. Sasa kushoto naandika maana ya kila siku, na kulia mwalimu mpya wa hesabu anaandika maana ya kihesabu. Mwenyewe ni nani? Shemeji yangu! Mdogo wa mke wangu, anayelala sebuleni kwangu na kumaliza maji ya moto. Mwalimu Mkuu kasema mwenye upande utakaosomwa zaidi ndiye atakayesimama na ubao mbele ya wazazi Jumamosi. Shati nimeshapiga pasi. Bahati nzuri, kuchagua neno bado ni kazi yangu. Nitamchagulia maneno ambayo hesabu hazijawahi kuyasikia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika “tasa”: asiyezaa. Namba zitazaa nini? Nikaenda kunywa chai huku napiga mluzi. Kurudi, wanafunzi wamejaa kulia. Shemeji kaandika kwamba namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kisha kawaambia kila mtu apime umri wake. Wenye miaka kumi na mitatu wanatembea vifua mbele. Mpishi wa shule ana arobaini na saba, anajigamba hagawanyiki. Mimi hamsini na miwili. Nagawanyika ovyo!

Jioni mezani akamwambia dada yake kuwa naye, kwa miaka yake arobaini na mitatu, ni tasa. Mama wa watoto wanne! Nikaweka kijiko chini, nikasubiri mwiko umshukie. Mke wangu alicheka hadi machozi, akamwongezea paja la kuku. Mimi nilipewa shingo.

Jumatano, 5 Machi
“Kitako.” Mtu akikaa kitako, ametulia chini. Nilidhani kijana ataona haya. Haya gani! Kachora pembetatu, kasema kitako chake ni upande wa chini, na ukiigeuza, upande wowote waweza kuwa kitako. Kakata na pembetatu za kadibodi za kugeuzageuza. Foleni! Hata Mwalimu Mkuu kageuza.

Moja niliiba, nikaikalia mpaka kengele ya mwisho. Ikanasa kwenye suruali. Mke wangu ndiye aliyeibandua nyumbani, akaniuliza kama nina wivu. Mimi? Wivu na nani?

Alhamisi, 6 Machi
Asante, mke wangu! “Wivu.” Hapo hesabu zimegonga mwamba. Nimeandika: kuumia moyoni kwa sababu mwenzako amepata. Mfano: paja la kuku kuhamia sahani ya mgeni. Mfano mwingine: mgeni kuitwa “mdogo wangu” kwa sauti ambayo mwenye nyumba hajaisikia tangu harusi. Mifano ikaja yenyewe, nikajaza upande wangu nikashukia ukutani.

Shemeji alisoma, akaandika mstari mmoja tu: neno hili hesabu hazina, someni kushoto kwa shemeji yangu. Wakasoma! Walijaa mpaka kwenye ngazi. Wanacheka, wananitazama, wanasoma tena. Wengine wananipa pole. Pole ya nini? Mshindi hapewi pole.

Ijumaa, 7 Machi
Nafasi ni yangu! Shemeji kanishika mkono, kasema nimestahili. Kwa moyo mweupe kabisa. Nilitaka anune japo kidogo. Imeniharibia siku.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisimama na ubao wa “wivu”, nikaeleza, wazazi wakapiga makofi. Vizuri. Kisha Mwalimu Mkuu akaonyesha ule mstari mmoja ulioandikwa kulia, akasema amefurahi kuona mwalimu anayejua elimu yake inapokoma, akampisha mwenzake. Wazazi wakainuka vitini! Wa kwanza kuinuka ni mke wangu, anapiga vigelegele. Kwa ubao mtupu! Mimi niliyejaza mpaka ukutani hakuna aliyeniinukia.

Sawa. Jumatatu nami naacha upande wangu mtupu. Nimeshapima wake kwa rula. Nitasogeza mstari wa chaki, utupu wangu uwe mpana zaidi.