Mashine ya Dada, Majani ya Watu

Jumatatu, 2 Desemba

Nimepata riziki. Ilikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, chini ya turubai, kati ya majembe mabovu na masufuria ya shughuli. Mashine ya kukatia majani! Nyekundu, ya petroli, magurudumu manne ya plastiki. Hellen, binti wa dada yangu Mektrida, aliituma kutoka Uholanzi mwezi wa nne ili mama yake aache kuinama. Miezi minane imepita. Mektrida hajaiwasha hata mara moja. Bado anakata majani kwa mundu, mgongo juu, na umri wake miaka sitini na sita.

Nimeomba niitumie. Amekataa. Nimeomba tena baada ya chai. Amesema Hellen anafika Jumamosi ya tarehe 14 kubariki kaburi la baba yake, na jambo la kwanza atakalouliza ni mashine. Ikiharibika kabla ya siku hiyo, niulizie basi la kunirudisha Lindi. Nimetaka kujua kama hiyo ni ndiyo au hapana. Akasema, "Kaka, mimi nimeshasema."

Nimeichukulia kuwa ni ndiyo.

Kwa usahihi wa kumbukumbu: nina miaka sabini na moja. Niliondoka Kibosho nikiwa na ishirini na nne, nikarudi Januari mwaka huu. Katikati kuna Lindi, maktaba, na vitabu elfu sita nilivyovibandika namba kimoja kimoja kwa mkono wangu. Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hubaki na kihamba cha baba, nyumba na migomba yake. Wa katikati hupewa baraka na nauli. Sasa nalala stoo kwa dada. Dirisha moja. Asubuhi mawingu yakikubali naona mlima mzima, kitandani, bila kuinua kichwa. Miaka arobaini na saba niliuona kwenye kalenda za watu.

Lindi sirudi.

Jumanne, 3 Desemba

Nimesoma kitabu cha maelekezo, kurasa zote. Lugha kumi na moja, Kiswahili hakimo. Muhtasari: mashine ni ya matumizi ya nyumbani tu. Bustani ndogo. Ipumzishwe kila baada ya nusu saa. Isitumike kwenye mteremko unaozidi nyuzi kumi na tano.

Waandishi ni watu waoga. Tena, nyumbani ni wapi? Lodji ni nyumba. Imezidi vyumba tu.

Nimekwenda kwa Tabitha, meneja wa lodji ya wapanda mlima, ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa wazee wetu. (Tulipokuwa watoto ulijaa hadi ukingoni. Leo una tope na chupa.) Nimejitambulisha: mkurugenzi, Melkior na Wenzake, Utunzaji wa Bustani. Akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akauliza wenzangu wako wapi. Nimesema wako njiani.

Bustani yake ni nusu ya uwanja wa mpira, imelala kama paa la nyumba. Amenipa majaribio Alhamisi. Hadi leo kazi ile ni ya Gidioni na fyekeo lake. Gidioni! Tulikaa dawati moja darasa la tatu. Aliiba hesabu zangu akapata alama kunizidi.

Alhamisi, 5 Desemba

Dakika thelathini za utukufu. Mistari imenyooka kama kurasa. Mzungu mmoja amepiga picha. Nimejiona nimechelewa kuanza maisha haya kwa miaka hamsini.

Dakika ya thelathini na moja: harufu ya plastiki inayoungua. Nimeimwagia maji kidogo. Mashine imepiga chafya. Nimeendelea.

Hapo Gidioni akatokea kwenye uzio, fyekeo begani, na kinamama watatu nyuma yake wenye kamba. Akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kama nimefungua saluni. Akasema, "Melki, majani ya Kibosho siyo nywele! Unayanyoa, unayapeleka harusini?" Wapishi wakacheka. Nimejibu kwa utulivu kwamba maendeleo hayamsubiri mtu.

Mashine ikagonga jiwe.

Nilisahau. Nimeishi mno kwenye mchanga. Huku chini ya kila jani kuna jiwe lililotapikwa na mlima. Kisu kimepinda kama ndizi mshare.

Kinamama ndio wamenimaliza. Kumbe kuna utaratibu: Gidioni anafyeka, wao wanachukua majani kwa ajili ya ng'ombe wao, kisha wanafagia. Hakuna ng'ombe anayezurura huku, wote wako bandani, na jani ni maziwa. Wamefungua kamba zao. Mmoja akainama, akachota unga wa kijani, akauachia uanguke kati ya vidole. Akauliza haya ni majani au ni ugoro.

Ijumaa, 6 Desemba

Moshi mjini, kwa Yunusu, fundi wa Majengo. Anatengeneza pikipiki, pampu, mashine za kukoboa, chochote kinachonguruma. Amenipigia shikamoo, akanipa kigoda, kisha akaigeuza mashine tumbo juu kama daktari wa watoto. Amenyoosha kisu kwa nyundo. Ameniuliza nakatia wapi. Nimesema nyumbani. Akaitazama tena, akaniuliza nyumbani kwa nani, kwa mkuu wa mkoa?

Amenieleza kitu. Injini hii haina pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo ndani kinachorusha oili juu kadiri injini inavyozunguka. Ukiilaza mashine, oili inakimbilia upande mmoja, kijiko kinarusha hewa, pistoni inakauka. "Ukae nayo tambarare, mzee wangu. Tambarare tu." Nimemshukuru. Maelezo mazuri sana. Nimeyaandika.

Nimebeba gunia la majani ya jana kama zawadi ya dada, kulainisha mambo. Ng'ombe amenusa, amerudi nyuma hatua mbili, amenitazama. Petroli. Mektrida naye amenitazama vilevile. Jioni maziwa yamepungua. Nimelaumiwa mimi, ingawa ng'ombe hakula hata jani moja. Dada anasema amekasirika. Nimeuliza nani. Amesema, "Wote wawili."

Jumamosi, 7 Desemba

Wiki moja kabla ya Hellen. Mtu mwenye busara angeirudisha mashine chini ya turubai.

Tabitha amenitumia ujumbe. Wageni arobaini wanaingia Jumanne. Bustani iwe imekatwa Jumatatu. Mimi nusu, Gidioni nusu. Atakayemaliza vizuri kazi ni yake mwaka mzima.

Mwaka mzima! Mwenye kazi ya mwaka mzima haulizwi anaondoka lini. Angepanga chumba chake mwenyewe. Chenye dirisha la kaskazini.

Jumatatu, 9 Desemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umechunwa na kamba. Nitakwenda kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi. Tabitha anatuambia tuchague. Gidioni anachagua nusu ya chini, karibu na mfongo. Nachukua ya juu. Kule unaona mringaringa wa baba, ule mti uliosimama penye lango la nyumba yetu. Mdogo wangu Jesse, mrithi, hajaukata. Nimesimama pale dakika nzima. Gidioni ameshafyeka mita tano.

Saa mbili na robo. Nimepima mteremko kwa kipima pembe cha Hellen cha sekondari na uzi wenye kokoto. Nyuzi ishirini na tatu. Siyo kumi na tano, nakubali. Lakini kumi na tano ni ya Uholanzi, na nimesoma kwamba nchi ile haina kilima. Mtu ambaye hajaona kilima lazima akiogope. Nimewaongezea nane kwa niaba ya uzoefu.

Saa tatu. Mashine inataka kuteremka yenyewe. Nimeifunga kamba kwenye mpini, naishusha na kuipandisha kama ndoo kisimani. Mbinu nzuri mno! Nimempita Gidioni. Nimemwambia hivyo. Akasema ananiona, na akaniuliza mbuzi wangu anaitwa nani.

Saa tatu na nusu. Moshi mweupe, mwingi. Wageni wawili kwenye baraza wakafikiri ni ukungu wa mlima wakatoa kamera. Nimekumbuka kijiko cha Yunusu. Nimekumbuka vizuri, neno kwa neno. Bado mistari sita tu. Nikajiambia: sita.

Mstari wa tatu. Mlio kama sahani inayopasuka ndani ya sanduku. Kisha kimya.

Nimeachia kamba ili nishike kichwa.

Sipendi kuandika sehemu hii. Mashine ilianza polepole. Ikapata imani. Ikavuka mpaka, ikaingia nusu ya Gidioni, ikapita katikati ya matita yake ya majani, yamefungwa vizuri, bila kuligusa hata moja. Gidioni akasogea pembeni, akavua kofia. Ikatumbukia mfongoni.

Alimaliza nusu yake saa tano. Yangu aliimaliza saa saba.

Jumatano, 11 Desemba

Yunusu amefungua injini. Pistoni imeng'ang'ania ukutani, haiendi mbele wala nyuma. Kwa desturi yake hawezi kumwambia mzee habari mbaya amesimama, kwa hiyo alikaa kwanza. Akaniita kwa Kichaga, kama mzee: "Meku, pole. Hii mashine ilitaka bustani ya kwake. Wewe umeipeleka jeshini." Nimeuliza kuhusu injini nyingine. Haipatikani. Nimeuliza kuhusu kuipaka rangi.

Nimeirudisha chini ya turubai. Nimeiosha tope lote. Siku tatu zimebaki.

Mpango: kaburi la shemeji likatwe Ijumaa, vizuri, mapema. Hellen akifika ataona kazi iliyokamilika. Mashine itakuwa imepumzika, kwa kufuata maelekezo. Nani huwasha mashine siku ya baraka? Shida moja. Mundu ni wa Mektrida, na hautoki kiunoni mwake. Fyekeo liko sehemu moja tu.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekwenda kwa Gidioni. Alikuwa anapukuchua maharage na mkewe. Nimezungumzia mvua. Nimezungumzia bei ya kahawa. Nimezungumzia marehemu mwalimu wetu wa darasa la tatu. Mwishowe nimeomba fyekeo.

Akauliza la nini. Nilikuwa na jibu tayari, lakini mkewe alinitazama kwa huruma na nikasema ukweli: mashine imekufa, Hellen anakuja Jumamosi, na mimi sitaki kurudi Lindi.

Alicheka hadi akakaa chini kwenye maharage. Kisha akainuka. Akasema fyekeo haliazimwi, linaujua mkono wake. Nimeaga.

Ijumaa, 13 Desemba

Alfajiri nimesikia shwaa, shwaa, kaburini. Gidioni. Hakunisalimu. Amefyeka kaburi pande zote, majani marefu, amefunga matita manne, amemwekea ng'ombe. Ng'ombe amekula akiwa amefumba macho. Mektrida ametoka, ametazama, amerudi jikoni. Ametupikia kiburu, ndizi na maharage, sahani mbili sawa. Ukimya wake umenitisha kuliko kitu chochote tangu Jumatatu.

Nimefunga begi nusu. Vitabu nimeviacha nje.

Jumamosi, 14 Desemba

Hellen amefika saa nne na gari la kukodi. Mnene, mchangamfu, analia kabla ya kushuka. Shikamoo mjomba, marahaba. Padri amebariki kaburi, tumeimba, mvua imetuhurumia. Kisha Hellen akafuta macho, akasema majani yamependeza, na mashine iko wapi?

Nimeanza kueleza kwamba chuma nacho kina siku zake. Sijafika mbali. Mektrida amekwenda mwenyewe, amevuta turubai, amevuta kamba ya kuwashia mbele ya padri na ukoo wote. Kamba haikusogea.

Akasema, "Mjomba wako ameiua, Jumatatu, kule lodji. Kibosho nzima inajua. Wewe tu ulikuwa Uholanzi."

Watu wote wakanitazama. Begi langu lilionekana mlangoni.

Kisha dada yangu akafanya jambo ambalo sijaliona tangu tukiwa watoto. Akacheka. Amemwambia mwanawe kwamba miezi minane amekuwa akiiogopa mashine ile. Inasaga majani, sasa ng'ombe ale nini? Lakini zawadi ya mtoto huwezi kuikataa, huwezi kuiuza, huwezi kuivunja. Kwa hiyo aliiacha mahali ambapo kaka yake angeiona. "Kaka yangu namjua. Ningemwambia aitumie, asingeigusa. Nikamkataza."

Hellen alicheka hadi akashika mti. Padri pia. Gidioni kupita kiasi. Nimeuliza, kwa heshima iliyobaki, kuhusu Lindi. Mektrida akasema Lindi ya nini, na nani atamsomea barua za ushirika? Nikafungue begi, chakula kinapoa.

Nimefungua begi. Nimekaa kitandani kidogo. Mawingu yalikuwa yamefunga, lakini najua mlima ulipo.

Jumapili, 15 Desemba

Nimetafakari wiki hii kwa kina. Ni wiki ya kumfundisha mtu.

Hellen hakuja mikono mitupu. Jana jioni tu alifungua boksi lililokuwa nyuma ya gari. Mashine ya kufulia! Ndogo, nyeupe, ya familia ya watu wanne, ili mama yake asiiname kwenye beseni.

Baada ya misa nimetembea hadi lango la mlima. Kundi lilikuwa linashuka. Wapagazi sabini, wale tunaowaita wagumu, siku sita juu, tope hadi mapajani. Wote wanashuka na nguo hizo hizo. Nimehesabu mara mbili. Suruali sabini, na kundi jingine linashuka Jumatano! Hakuna aliyeliona hili. Nusu karne nimevaa miwani ili nije nilione mimi.

Mektrida amesema nisiiguse kabisa.

Naanza kesho.