Gari la Pembe Pembe na Mzee Koleo

Jumatatu, 2 Juni

Koleo kaja tena. Mng'oa meno mstaafu, rafiki wa marehemu mume wangu. Enzi zile waliagiza magari mapacha. Yalikuja vipande vipande kwenye makreti, wakayaunga wenyewe uani. Bodi ya faiba, pembe tupu, utadhani limekatwa kwa msumeno na mtu mwenye hasira. Milango halina. Unabonyeza kitufe nje, paa lote linainuka kama kifuniko cha sanduku. Ya aina hiyo yamebaki langu na lake tu.

Leo kainua turubai, kachungulia, kaguna. Anaguna nini?

Binti yangu naye kanipa neno: gari liwake na litoke getini lenyewe kabla ya Jumapili, la sivyo mnunua skrepa atalibeba, yeye apate pa kuanika nguo. Mkono wa baba yake upo kwenye kila skrubu ya gari lile! Nampenda mtoto yule, lakini kichwa chake jiwe.

Jumanne, 3 Juni

Koleo kajitolea kuliwasha bure. Bure! Kang'oa meno ya mji mzima, hata jino la mama mkwe wake hakulitoa bure. Anataka kubadilisha vyuma vyangu vizima kwa vyake vibovu.

Nimemwahi. Betri iko chini ya kitanda changu. Hendeli ya ndani, ile ya kufungulia paa, nimeing'oa nikaizika kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Mwizi gani atapekua maganda? Shule sikwenda, akili ninayo.

Jumatano, 4 Juni

Binti kamwaga ndoo! Gari la taka limeshapita. Tangu lini anamwaga taka bila kuambiwa? Katumwa. Na dereva wa taka kanipungia mkono. Lazima anafahamiana na Koleo. Kazi zao wote za glavu.

Waliotengeneza magari haya walifunga kiwanda zamani. Hendeli haipatikani popote.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua kulinda mwenyewe. Binti kazini. Nimeingia garini, nikavuta paa, kwa! Nijibanze humo, nimnase.

Kiti bado kina shimo la makalio ya marehemu. Nimekaa humo nikampa habari za nyumbani. Machozi kidogo, jasho zaidi. Nikataka kutoka.

Hendeli!

Nipige honi? Betri iko chini ya kitanda. Nikagonga kioo kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka.

Mara Koleo huyo, bisibisi mkononi! Nimemnasa! Kabonyeza kitufe, paa likainuka, mvuke ukatoka. Kaniuliza, "Shemeji, unaoka nini humo?" Nikamwambia najipumzikia, kwani kuna sheria? Kaangalia tundu la hendeli. Kaguna.

Jumamosi, 7 Juni

Koleo kaja na hendeli. Kaifunga kimya kimya. Nikatoa betri, shingo upande. Gari likakohoa, likapiga chafya, likawaka! Tukatoka getini, yeye kwenye usukani, mimi ubavuni na bisibisi yake mapajani, kwa usalama wangu. Binti kapiga vigelegele barabara nzima, kalia, kaniambia, "Mama, libaki. Nguo nitaanika hata dirishani." Nimemkumbatia mpaka kalalamika mbavu.

Nikamuuliza Koleo hendeli kaitoa wapi. Kasema nisijali, shemeji.

Nisijali!

Jumapili, 8 Juni

Mtu hatoi hendeli hivi hivi. Nimempelekea mkate, kisingizio tu. Kafurahi mno. Kasema nikae, anafuata maziwa ya chai dukani. Maziwa! Yaani ananiacha peke yangu na ua wake mzima? Kuna jambo.

Nimeingia kwenye gari lake kupekua. Nikavuta paa nisionekane. Kwa!

Naandika nikiwa humu. Nilijua mimi, nilijua tangu Jumatatu. Mtego! Gari lake halina hendeli!

Arudi tu na maziwa yake. Atanieleza kaipeleka wapi.