Ufunguzi wa Kitengo cha Kicheko Tiba

Ndugu wananchi, kabla ya jambo lolote, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza rasmi kwamba kipaza sauti kinafanya kazi. (Makofi, yakiongozwa na katibu wa mgeni rasmi.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Afya, Furaha na Mengineyo, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, uliyeniwakilisha siku ile nilipokuwa namwakilisha Mwenyekiti, Daktari Mfawidhi wa zahanati hii, ambaye yuko semina, ndugu mlinzi, dada muuguzi, ambaye ndiye wauguzi wetu wote, wagonjwa mlioketi kwenye benchi, wagonjwa mlioketi sakafuni, na ninyi mliokuja kuchukua majibu ya vipimo mkakutana na historia, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Kikohozi.)

Tumekusanyika kwenye korido hii, kati ya dirisha la dawa, ambalo leo limefungwa kwa heshima yangu, na mlango huu mpya wa buluu nyuma yangu, ili kuzindua Kitengo cha Kicheko Tiba, mradi wa kimkakati, jumuishi, shirikishi na endelevu, ambao upembuzi yakinifu wake, uliofanywa na wataalamu wangu, chini ya uongozi wangu, kutokana na maono yangu, umebaini kwamba kicheko hupanua mapafu, hushusha presha, hulainisha mishipa, huleta usingizi, na kwa wale wenye usingizi mwingi, huwaamsha. (Mzee mwenye mguu wa plasta: "Na mfupa je, kinaunga?") Swali zuri sana, baba, na jibu lake ni kwamba uliandike kwenye fomu ya maoni. Fomu ziko njiani.

Takwimu hazidanganyi. Katika projekti yetu ya majaribio, asilimia tisini na saba ya wagonjwa waliocheka walionekana kuwa na afya bora kuliko waliofariki. Na hao waliofariki, tulipowahoji ndugu zao, ilibainika hawakuwa na mazoea ya kucheka, hasa siku zile za mwisho. (Katibu anapiga makofi peke yake, anaacha.)

Dozi ni kicheko kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Asiye na chakula asikate tamaa, acheke kabla. Kila kicheko kitaingizwa kwenye Daftari la Vicheko kwa saini na muhuri, na mgonjwa asiyefikisha ishirini na moja kwa wiki atahesabika kuwa ametoroka matibabu. Mimi mwenyewe ni shahidi: nilipougua mgongo mwaka jana nilicheka sana, katika hospitali ya ng'ambo nilikopelekwa kwa ndege. (Mzee: "Hapo hata mimi ningecheka!")

(Mwanamke aliyempakata mtoto, benchi la mbele: "Mheshimiwa, mwachie dada muuguzi aje! Mwanangu ana pumu, kifua kimembana, anahitaji ile mashine ya mvuke!")

Mama, tulia, serikali ina masikio. Lakini dada muuguzi, kama unavyomwona, ameshika ncha moja ya utepe, mlinzi ameshika ya pili, na utaratibu unasema mshika utepe habanduki mpaka utepe ukatwe. Halafu hebu msikilizeni huyo mtoto, anacheka kwa kifua kizima mpaka kinapiga filimbi! Huyo ndiye mnufaika wetu wa kwanza. Katibu, mwandike, kicheko kimoja. (Mama: "Hacheki huyu, anatafuta pumzi!" Muuguzi: "Mheshimiwa, dakika tano tu, namwekea mashine narudi kushika.") Dada yangu, utepe ukilegea kwenye picha umelegea milele. (Mzee: "Nipeni mimi nishike! Nimevunjika mguu, mikono ninayo!") Baba, jina lako halimo kwenye ratiba.

Nikiendelea, na nitaendelea: ndani ya miaka mitano kila zahanati itakuwa na kitengo kama hiki, kila kitengo na mratibu, kila mratibu na gari, na tutaanzisha kicheko cha dharura kwa njia ya simu, ambapo mgonjwa atapiga, ataambiwa asubiri kwenye laini, na yeye mwenyewe atacheka. (Mama amesimama. Anampepea mtoto kwa kadi ya kliniki.) Kaa, mama, tunamalizia. Nikisema kicheko, semeni tiba! Kicheko! (Mlinzi: "Tiba.") Kicheko! (Mlinzi, kwa sauti ya chini zaidi.) Asanteni kwa mwitikio mkubwa.

Sasa shukrani. Namshukuru Mwenyekiti kwa kuniamini, najishukuru kwa kutomwangusha, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi rangi wetu, aliyeuchora mlango huu ukutani kwa siku mbili tu, kwa ustadi ambao hata mimi asubuhi nilijaribu kuufungua. Usione vyaelea, vimeundwa! Chumba chenyewe bado kiko kwenye mchakato. Na kwa kuwa kitasa cha rangi hakifungiki utepe, ndiyo maana tukawaomba ndugu mlinzi na dada muuguzi watushikie tangu saa mbili. Wapigieni makofi. Naomba mkasi...

(Kicheko. Kimeanza na mzee wa plasta, kikashika benchi zima, kikashuka sakafuni. Katibu anahesabu. Muuguzi ameuachia utepe, amempokea mtoto kwa mama yake, na wote watatu wameingia kwenye chumba cha mashine ya mvuke kwa mlango wa zamani, unaofunguka.)