Tutela ya Kidole cha Kati

Jumanne, 4 Machi. Duitama.
Nimechefuka. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kimevimba kama soseji, hakikunjiki. Kinasimama wima mbele ya wateja. Gildardo, kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, anatangaza kwamba siku hizi mimi, don Ovidio, ninatukana watu kwa kidole, tena magamba ya ngozi yangu yanaambukiza. Mpumbavu. Soriasisi, huu ugonjwa wangu wa ngozi, haiambukizi. Leo wateja wanne, yeye kumi na mmoja.

Daktari wa viungo amesema ugonjwa wa ngozi umeingia kwenye maungio. Eksrei haijaona kitu. MRI itaona uvimbe wa ndani kabla mfupa haujaliwa. Ukishaliwa, kwaheri mkasi. Akaandika: MRI, mkono wa kulia. Watu wa bima wamesema nisubiri. Simu yao inapiga muziki tu.

Jumatano, 5 Machi.
Binti yangu Yamile kaniandikia tutela, ile barua kwa jaji ambayo kila mtu hapa huandika bima ikigoma. Jaji hujibu ndani ya siku kumi za kazi. Kasoma: kidole cha kati, mkono wa kulia, baba ni kinyozi. Ukurasa mmoja! Nani ataonea kidole huruma? Gildardo alishinda kwa kurasa tisa, na lilikuwa goti tu. Ukicheka na nyani, utavuna mabua. Nimeiweka kando, nikaandika yangu mwenyewe: Siwezi kutembea. Nyonga zimekwisha. Natambaa mpaka chooni. Kurasa kumi na mbili.

Jumatano, 19 Machi.
Nimeshinda. MRI ndani ya saa arobaini na nane. Nimepita kwa Gildardo nikiinua hukumu kwa mkono wa kulia. Akadhani namtukana. Sikumsahihisha.

Ijumaa, 21 Machi.
Washenzi. Wameleta gari la wagonjwa na machela, wakiuliza yuko wapi mzee anayetambaa, mtaa mzima unatazama. Gildardo akauliza kwa sauti, huyu mtambaaji alishukaje ngazi. Hospitalini wakaanza kunilaza kwenye mashine wapime nyonga. Nikanyoosha kidole, nikasema tatizo ni hiki. Fundi wa mashine akajibu kwamba jaji kaamuru nyonga, na mzee mzima aache matusi.

Jumanne, 25 Machi.
Majibu: nyonga safi, za kijana. Bima wameandika kwamba sina ugonjwa wa viungo, faili limefungwa. Nimetukana mpaka koo limekauka. Na kidole cha pete nacho kimeanza kuvimba. Asubuhi mkasi uliniponyoka, nikamkata padri sikio. Daktari kanikaripia, don Ovidio, mfupa hausubiri, nenda kalete amri ya mkono.

Jumatano, 26 Machi.
Yamile amelia. Kaichapa tena barua yake ya ukurasa mmoja, kaiweka mezani. Kaniomba, baba, tia sahihi tu, usiguse hata neno.

Nimetia sahihi. Sijagusa neno. Nimeongeza mstari mmoja tu chini, kwamba pia sioni. Hakuna jaji atakayemnyima haki kinyozi kipofu.