Ubia wa Cherehani Nne

Mkurugenzi alifunga breki katikati ya barabara, akarudisha gari nyuma taratibu, akaisoma tena karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa fundi cherehani: NATAFUTA MTU ANIELEKEZE MAMBO YA BIASHARA. Mate yakamjaa kinywani. Mjini watu huficha ujinga wao kama pesa. Huyu kaubandika mlangoni, tena kwa herufi kubwa.

Cheo cha ukurugenzi alijipa mwenyewe. Hakuwa na ofisi wala karani. Alikuwa na suti moja, ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na hilo gari lake dogo jeupe, ambalo ndilo lililofanya watu wamwamkie kwanza. Akilipoteza, atabaki mtu wa kawaida tu anayetokwa jasho ndani ya suti.

Fundi alikuwa mama mpole, aongeaye huku akitazama sakafu. Alikuwa na cherehani nne: moja akiishonea, tatu zimefunikwa vitambaa, eti kwa sababu ya vumbi. Mkurugenzi akakaa, akavua saa na kuiweka mezani kama mwalimu, akaanza somo. Biashara, alisema, ziko za aina nyingi. Kuna ya mtu mmoja: faida yako, presha yako. Kuna kampuni, yenye makaratasi mengi kuliko bidhaa. Halafu kuna ubia, watu wawili kuchanganya walivyo navyo, na hiyo ndiyo yenye baraka.

Fundi aliandika yote daftarini, polepole, akiuliza kila neno mara mbili. Kufika alasiri mkataba ulikuwa tayari. Kifungu kikubwa Mkurugenzi alikitunga mwenyewe: kila mbia anaweza kuuza mali ya ubia bila kumuuliza mwenzake.

"Hata mimi?" fundi aliuliza.

"Hata wewe, dada yangu. Ubia ni usawa."

"Mimi naleta cherehani. Wewe kaka unaleta nini?"

"Naleta akili."

"Sasa hiyo akili nikitaka kuiuza, naishikaje?"

Fundi viatu wa jirani, aliyeitwa awe shahidi, akakohoa kuficha kicheko. Mkurugenzi akaona samaki anachomoka kwenye ndoana. Akaandika: gari. Ni mpaka kesho tu, alijiambia. Asubuhi atamletea mnunuzi cherehani zote, atie pesa mfukoni, kisha ale kona na gari lake. Wakabadilishana funguo, wa gari kwa wa duka. Fundi akaomba gari libaki pale mlangoni, wateja walione. Mkurugenzi, mwenye ufunguo wa akiba mfukoni, hakuona taabu.

Asubuhi alirudi na mnunuzi na mkokoteni wake. Gari halikuwepo. Akajipa moyo, akafungua duka, akavuta kitambaa cha kwanza. Chini yake palikuwa na boksi la sabuni limejaa sare za shule zilizokatwa, hazijashonwa. Cha pili, boksi. Cha tatu alikivuta huku amefumba macho. Mnunuzi akageuza mkokoteni bila hata kuaga.

Fundi viatu akaingia na kikombe chake cha chai. Alieleza kwa upole kwamba ile cherehani ya nne, ya kushonea, ni yake, alimwazima mama. Gari lilipata mteja jana ileile, na mama kasafiri nalo pamoja na huyo mteja mpaka mji wa pili. Mkataba unaruhusu, yeye ni shahidi.

Mara wanawake watatu wakasimama mlangoni. Shule zinafunguliwa kesho.

"Wewe ndiye mbia?" aliuliza wa mbele. "Mama katuambia sare zetu zitatoka mkononi kwako."

Mkurugenzi alijaribu kueleza kwamba yeye ni wa upande wa mawazo. Yule mwanamke, aliyekuja na kigoda chake, akakiweka kizingitini, akakaa, akaziba njia yote.

Fundi viatu akatunga uzi kwenye sindano, akavuta kiti.

"Vua koti kwanza, Mkurugenzi," alisema. "Halafu kanyaga taratibu, utajishona kidole."