Dabi ya Ukweni

Jumatano, 4 Machi
Mume wangu kanibusu kabla ya kwenda kazini. Dukani nimepanga viatu kutwa nzima, vya kushoto na kushoto. Ah, mapenzi! Doa ni moja: wakati wa uchumba nilimwambia naupenda mpira kufa. Jumapili ni dabi na tumealikwa ukweni. Wifi yangu anaujua mpira nje ndani. Alishaniuliza mbele ya mama mkwe, eti wifi, wewe timu gani? Nikasema ile inayoshinda. Wakacheka. Nami nikacheka, uso unawaka.

Alhamisi, 5 Machi
Mteja mkalimani kaja kujaribu viatu vya kamba. Kasema kwa Wafaransa viatu vile huitwa dabi! Nikakamata kiatu chake cha zamani, asitoroke. Akaeleza: kwa Waingereza dabi ni mbio za farasi, kwa Wajapani vilevile. Marekani, kofia ya mviringo. Kwetu, mechi ya watani wa jadi. Hazina hii! Wifi ana magoli, mimi nina dunia nzima.

Jumamosi, 7 Machi
Mazoezi ya hotuba yangu ya dabi mbele ya kioo. Mume wangu kauliza nasema na nani. Nikajibu namwombea dua. Kanikumbatia, kipenzi! Aibu ilinipanda hadi masikioni. Sikuacha.

Jumapili, 8 Machi
Ardhi ipasuke inimeze. Sebule ilikuwa kimya, baba mkwe kasogeza kiti. Nikaona ndio wasaa. Nikasimama mbele ya televisheni, nikaanza na farasi. Nilipofika kwenye kofia, nikaichora hewani kwa mikono miwili. Mtaa mzima ukalipuka: goli! Goli pekee la mechi. Baba mkwe, ambaye timu yake ndiyo iliyofunga, na haikuwa imeshinda dabi tangu mume wangu yuko chekechea, aliona gauni langu tu. Marudio nayo niliyaziba, nikiinama kuomba radhi. Wifi akasema jamani, hata golikipa wao hakuzuia vile. Baba mkwe hakucheka. Alisema taratibu, kaa chini, mwanangu.

Jumatatu, 9 Machi
Mume wangu kasema ananipenda hata nisipojua mpira ni duara. Baba mkwe katuma salamu: mechi ijayo nikae ubavuni kwake, nisiseme kitu. Nimelia kwa furaha. Nimeapa sitajionyesha tena. Mchana mkalimani karudi kubadilisha saizi. Nimemuuliza, kwa upole tu, Wabrazili penalti wanaiitaje. Anasema ana haraka. Kiatu chake kimoja nimekificha mgongoni.