Kompyuta Yangu Kupakwa Rangi ya Gari la Watalii

Selestina (Mama Goodness),
Steshenari ya mkabala na stendi,
Karatu.

Kwa Mzee Patrisi,
Baba mzazi wa Edson,
Oldeani.

Mkwe wangu mtarajiwa,

YAH: KUAHIRISHWA KWA HARUSI YA WATOTO WETU KWA SABABU YA RANGI

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kahawa inaendelea vizuri. Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, na kama miwani yako bado imevunjika, mwombe mama Edson akusomee polepole, hasa kipengele cha tano.

Kama unavyojua, mwanao Edson anapaka rangi magari ya utalii katika gereji ya hapa mjini, na mwezi ujao anatarajia kumwoa binti yangu wa pekee, Goodness. Kwa wema wangu nilimpa kisanduku cha kompyuta ya dukani, kilichokuwa kimechubuka, akipake rangi nyeusi tu. Amenirudishia kitu kingine kabisa. Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Rangi nyeusi ilikuwa imeisha. Badala ya kuniarifu, amepaka ile rangi ya kaki ya magari yanayoshuka kreta kuona wanyama, akidai haionyeshi vumbi la safari. Kompyuta yangu, mkwe, haisafiri.

2. Ubavuni alikuta vitundu vidogo vidogo. Kila mwenye steshenari anajua kwamba kompyuta inapumulia hapo. Mwanao aliona kutu. Akaviziba vyote kwa puti, akapiga msasa mpaka pakawa laini kama mlango wa gari jipya. Siku ya kwanza ilikaa dakika kumi, ikachemka, ikazima, nasi tuko katikati ya barua ya mtu ya kuomba kazi. Alipoitwa alikuja na drili akatoboa matundu mapya, safari hii kwa umbo la herufi G. Duka ni langu na mimi naitwa Selestina.

3. Kwa mazoea ya kazi yake, ameandika ubavuni uzito, ABIRIA 7 na MWENDO USIZIDI KM 80. Mzee Moloimet, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, aliniuliza kwa upole kama na hii inalipiwa kwenye geti la hifadhi. Nilimpa kopi yake na chenji.

4. Jambo hili sasa limetoka nje ya familia. Dereva mmoja alishusha wageni wake dukani, wakaipiga picha kompyuta kabla hawajaona hata nyati mmoja. Walikaa nusu saa. Hawakutoa kopi hata moja.

5. Hili ndilo zito. Unaujua umeme wetu: ukikatika, unarudi kwa kishindo. Kwa hiyo kila jioni tunachomoa nyaya zote, na asubuhi Goodness anazirudisha. Sasa nyuma ya kompyuta Edson amepaka kila tundu rangi yake, na waya wake rangi ileile, na kitufe cha kuwashia chekundu. Nilipomuuliza huo ni urembo gani, alinijibu, "Mama, ni ili usihangaike Goodness akishaondoka."

Mkwe, niliumia. Tangu baba Goodness afariki, mwaka wa tisa huu, ni Goodness anayewasha, anayechapa na anayezima. Mimi napokea wateja na kubana pini. Sikuomba mtu anikumbushe kwamba ataondoka, tena kwa brashi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Edson mwenyewe amenihakikishia kwamba rangi hiyo haitatoka kwa miaka kumi na tano. Siwezi kumtoa binti huku ushahidi wa kosa uko mezani kwangu. Harusi ifanyike baada ya rangi kutoka. Goodness atakuwa na miaka thelathini na tisa, umri mzuri wa mtu kujua anachotaka, na Edson atakuwa amejifunza kutofautisha tundu na kutu. Kama ana haraka sana, ahamie hapa. Nyuma ya duka kuna chumba, akishatoa katoni za karatasi.

Msalimie mama Edson, bibi yake, mdogo wako Alfonsi na mguu wake unaouma, na majirani wote waliokuja siku ya posa. Waliokwisha kushona sare wazitunze mahali pakavu.

Mimi mkwe wako mvumilivu,
Selestina

Nyongeza: Goodness yuko Mang'ola tangu juzi, amefuata vitunguu vya sherehe. Kompyuta nimeiwasha mwenyewe, njano kwenye njano, kijani kwenye kijani, na barua hii nimeichapa mwenyewe kwa siku mbili, kwa kidole kimoja. Tarehe ya harusi ibaki ileile. Ila mwambie Edson, kabla hajamchukua, aje apake na printa. Nyaya zake ni mbili tu na bado nazichanganya.